Kitufe Kimoja cha Curt

Jumamosi, 6 Januari 2007

Ishirini chini ya sifuri. Gari limegoma kuwaka, nikaenda kwa kaka yangu Curt kwa miguu, nikafika masharubu yameganda barafu. Marlys, mkewe, ndiye aliyenipa daftari hili Krismasi. "Shemeji," alisema, "mambo yako yote unawaandikia watu usiowajua kwenye mtandao. Mengine andika humu." Haya, naandika.

Curt alikuwa fundi wa kulinganisha sauti za piano. Miaka ishirini na miwili, hakuna kanisa hapa Duluth ambalo piano yake hakuitia mkono. Sasa ugonjwa umemla misuli, limebaki gumba la mkono wa kulia, shingo kidogo, na ulimi unaokokota maneno. Masikio mazima. Akili nzima, na kejeli zake pia. Marlys huondoka saa moja asubuhi kwenda kupika shuleni, muuguzi hufika saa sita. Saa tano hizo Curt yuko peke yake na kompyuta, kengele ya dharura kidevuni, na kitufe kimoja chini ya gumba.

Muziki wake uko kwenye programu tatu. Sahani zake za santuri za zamani ziko Loon, programu ninayoiandika mimi mwenyewe jioni baada ya kazi, bure, kwa yeyote anayeitaka. Redio anaipata kwa Anvil. Kwaya na vinanda vya kanisa viko Tamarac. Kila moja ina lugha yake ya rimoti. Mwaka jana nilikiunganisha kitufe na zote tatu, na kila toleo jipya likitoka kitufe kinakufa. Nimeunganisha upya mara nne, na mara zote nne kilikufa siku ambayo sipo.

Daktari anasema gumba huenda likadumu mpaka majira ya kuchipua. Nataka iwepo lugha moja ya rimoti ambayo programu zote zinaielewa, na iwepo kabla gumba halijakoma. Asubuhi zake ziwe zake. Sitaki kingine.

Jumatatu, 8 Januari

Nimetuma pendekezo kwenye orodha ya barua pepe tunayotumia waandishi wa programu hizi. Sikumtaja Curt. Kwetu mambo ya nyumbani hayaanikwi. Niliandika "watumiaji".

Odile Thibodeau wa Montréal, mwenye Tamarac, amejibu baada ya dakika ishirini: anakubali. Anselm Krupa wa Pittsburgh, mwenye Anvil, amejibu kwa maswali arobaini na moja. Ameyapa namba.

Alhamisi, 11 Januari

Theluji. Nimeizoa asubuhi, nimeizoa tena jioni. Nimefika swali la kumi na tisa.

Jumapili, 14 Januari

Leo tumekutana watatu kwenye chumba cha gumzo, na nimetoka pale kichwa kinagonga.

"Amri ya Simama igeuze hali," nikaandika. "Muziki unacheza, usimame. Umesimama, uendelee. Amri moja, kitufe kimoja, kazi kwisha."

"Simama iwe simama," Krupa akajibu. "Ukimwambia aliyesimama asimame, haanzi kukimbia."

"Hizi ni programu, si watoto wa shule."

"Nani anahitaji igeuze? Nitajie mtu mmoja."

Vidole vilikuwa juu ya herufi. Ningeandika jina la kaka yangu, basi. Nikaandika, "Wako watumiaji wengi wenye kitufe kimoja tu."

"Wengi wangapi?"

"Krupa, wewe umezaliwa mbishi."

"Hilo si jibu la swali la ishirini na tatu."

Odile akaingilia: "Jamani, mwenzenu nina supu jikoni. Endeleeni kesho, au msiendelee kabisa."

Mtu wa aina ya Krupa ndiye anayefanya watu waache kazi ya kujitolea. Nimeshamwita Bwana Arobaini na Moja.

Jumamosi, 20 Januari

Kwa Curt. Marlys ameoka viazi na nyama ya kusaga, nimekula sahani mbili. Nilimweleza Curt habari ya amri ya Simama kwa nusu saa nzima, nikamchorea na picha.

"Yule wa Pittsburgh bado hai?" akaniuliza.

"Bado. Kwa bahati mbaya."

"Mpe salamu."

Alitaka kusema jambo jingine. Ulimi ukachelewa, nami nikawa nimeshaendelea na picha ya pili.

Jumamosi, 27 Januari

Krupa sasa anataka rimoti iweze kwanza kuiuliza programu: unacheza au umesimama? Anasema bila swali hilo rimoti inafanya kazi kipofu. Kulitengeneza kutachukua wiki tatu. Nimemwambia liende toleo lijalo.

"Haraka ya nini?" ameuliza.

"Watumiaji wanasubiri."

"Tena wale wengi."

Nimefunga kompyuta nikaenda kuzoa theluji ambayo haikuwapo.

Jumamosi, 3 Februari

Nimeshinda! Kura mbili kwa moja, mimi na Odile. Simama inageuza. Swali la hali limeahirishwa. Tumeweka pia sharti, na Krupa mwenyewe ndiye aliyelipigia debe: toleo la kwanza likishatoka, maana ya amri haibadilishwi, kwa sababu watu watakuwa wamejenga rimoti zao juu yake.

Krupa ameandika mstari mmoja. "Nimeshindwa. Nitatekeleza." Na ametekeleza kweli, kwa siku moja, kazi safi kuliko yangu. Hilo limeniudhi kuliko ubishi wake wote.

Jumamosi, 10 Februari

Nimeweka matoleo mapya matatu kwenye kompyuta ya Curt. Nilifungua Loon, nikalilaza gumba lake juu ya kitufe.

"Bonyeza." Muziki ukasimama. "Tena." Ukaendelea.

Nilipiga makofi kama mjinga. Nilimwita Marlys kutoka kufua, nikamweleza mambo ya Pittsburgh na Montréal, nikamwonyesha kura. "Hongera, shemeji," akasema, mikono bado ina povu. "Kwa hiyo sasa sina haja ya kukupigia simu kila kitufe kinapokufa?"

"Huna haja. Ana rimoti ya programu zote. Akibonyeza, amri inakwenda kwa zote tatu kwa mpigo."

"Curt, unaonaje?"

"Si mbaya," Curt akasema.

Kwa watu wa kwetu, si mbaya ni sifa kubwa. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumamosi, 17 Februari

"Vipi kitufe?"

"Si mbaya."

Alhamisi, 22 Februari

Ofisini mashine ya kuchapa hati imekufa, nimeshinda chini ya meza. Baridi imelegea kidogo, barabara zote matope.

Jumamosi, 24 Februari

"Vipi kitufe?"

"Si mbaya, mdogo wangu. Kula."

Krupa ametuma barua ndefu ya kueleza kwa nini swali la hali ni muhimu. Sikuisoma mpaka mwisho.

Jumamosi, 3 Machi

Marlys amenivuta jikoni. "Kaka yako hali chakula. Muuguzi anasema akifika saa sita anamkuta amefumba macho na jasho kwenye mdomo wa juu. Na mimi nikimuuliza ananiambia hana neno."

"Ni ugonjwa, shemeji. Daktari alishatuambia."

"Mimi nimelala na huyu mtu miaka kumi na tisa, Warren. Ugonjwa wake naujua. Hiki ni kitu kingine."

Nilimwambia asijitie wasiwasi.

Jumatano, 7 Machi

Bomba la maji limepasuka ofisini, saa tatu asubuhi tukarudishwa nyumbani. Nikasema nipitie kwa Curt nimsalimie. Sijawahi kufika pale asubuhi ya siku ya kazi tangu kitufe kianze. Jumamosi huwa nakuta kompyuta imezimwa, Marlys yupo, tunapiga soga.

Nilisikia kelele tangu ngazi za nje. Nilidhani ni televisheni. Nilipofungua mlango niliganda. Kwaya ilikuwa inaimba, kwa sauti ya juu, na juu ya kwaya kodiani ya sahani za zamani ilikuwa inakwenda mbio, wimbo mwingine kabisa, mwendo mwingine, ufunguo mwingine wa sauti. Fundi wa piano, jamani. Mtu aliyekuwa akikunja uso kwa waya mmoja uliolegea.

Curt alikuwa kwenye kiti chake, macho amefumba, uso umelowa. Gumba lilikuwa linabonyeza. Akabonyeza: kwaya na kodiani zikanyamaza, na wanaume wawili wa redio wakaanza kubishana juu ya mchezo wa magongo. Akabonyeza: redio ikanyamaza, kwaya na kodiani zikaamka. Akabonyeza tena.

Nikaelewa nikiwa bado nimesimama mlangoni. Asubuhi Marlys humfungulia programu zote tatu kabla ya kutoka, moja inacheza, mbili zimesimama. Kitufe kinatuma Simama kwa zote. Iliyokuwa inacheza inasimama. Zilizokuwa zimesimama zinaendelea. Nilijaribu na Loon peke yake. Mwezi mzima wa kubishana na watu wawili wenye akili, na nilijaribu na programu moja.

Nilikimbia nikazima spika kwa mkono. Kimya kilipoingia, Curt akashusha pumzi ndefu, akafumbua macho.

"Umevaa viatu ndani," akasema. "Marlys atakuua."

"Tangu lini, Curt?"

"Tangu Jumatatu ya kwanza."

"Kila siku?"

"Ukibonyeza, mbili. Ukibonyeza tena, moja. Muuguzi akifika, naiacha hiyo moja. Nimejaribu yote." Alipumzika. "Kimya hakimo."

"Mbona hukusema? Kila Jumamosi nakuuliza! Nakuuliza hapa hapa, unanijibu si mbaya!"

"Ulikuwa umefurahi mno, bwana. Ulipiga makofi."

Nilikaa chini sakafuni na matope yangu. Nilimuuliza kwa nini hakugusa kengele ya kidevuni.

"Kengele ni ya kufa," akasema. "Nilikuwa sifi."

Nimehesabu. Tangu tarehe kumi na mbili Februari mpaka jana, siku za shule, ni asubuhi kumi na saba. Saa tano kila moja. Nimemfungia kaka yangu ndani ya kelele kwa saa themanini na tano, na nilipigiwa kura kwa kazi hiyo. Kwa sasa nimemwachia programu moja tu, redio, mbili nimezifunga. Marlys aliporudi nikamweleza. Hakunigombeza. Aliingia chumbani akafunga mlango, na hilo limeniuma zaidi.

Alhamisi, 8 Machi

Nimeandika kwenye orodha. Nimeandika jina lake, kazi yake, ugonjwa wake, gumba lake, na asubuhi kumi na saba. Nimeandika kwamba Krupa alikuwa sahihi na mimi nilificha sababu yangu kwa sababu ya aibu na kiburi. Nimeomba tulivunje lile sharti tuliloliweka wenyewe. Kabla ya kutuma nilikwenda bafuni mara mbili.

Ijumaa, 9 Machi

Krupa amepiga simu. Sikuwahi kuisikia sauti yake. Nilitegemea tarumbeta, kumbe ana sauti ndogo, anasitasita.

"Lahti," akaanza, kwa jina la ukoo wetu, "ningekuwa nimekujibu kwa barua, lakini niliandika mara tatu nikafuta."

"Sema tu. Nastahili."

"Hapana. Nilitaka kusema kwamba nilipokuuliza unitajie mtu mmoja, sikuwa nakutega. Nilitaka kumjua. Ungeniambia Januari, ningeuliza swali moja tu: anafungua programu ngapi?"

Nikamsikia anapekua karatasi.

"Naweza kumwandikia yeye mwenyewe? Nina maswali kumi na mawili."

Jumapili, 11 Machi

Marlys alimsomea maswali, Curt akajibu, imechukua saa mbili na vikombe vitatu vya kahawa ambavyo tulikunywa sisi. La saba lilikuwa: ukibonyeza, unataka kitokee nini? Nilikuwa nimekaa pale pale, nikajiuliza kama niliwahi kumuuliza hivyo. Sikuwahi. Curt alicheka alipolisikia. "Huyu ni fundi," akasema. Kwangu hajawahi kusema hivyo.

Jumatano, 14 Machi

Odile amekataa. "Warren, naumia, naapa. Lakini toleo langu limeshawafikia watu. Kuna waliojenga rimoti juu ya Simama inayogeuza. Nikibadili leo, nimewavunjia wao ili nimtengenezee yeye. Na sheria mliandika nyinyi."

Yuko sahihi. Ndilo balaa lenyewe, kila mtu hapa yuko sahihi.

Jumamosi, 17 Machi

Gumba linatetemeka. Anabonyeza mara tatu, kitufe kinasikia mara moja.

Jumatano, 21 Machi

Krupa amepata njia. Simama ya zamani ibaki kama ilivyo, inageuza, tusimvunjie mtu. Tunaongeza amri mpya tatu: Nyamaza, ambayo inasimamisha na kamwe haianzishi, hata ikitumwa mara mia, Cheza, ambayo inaanzisha na kamwe haisimamishi, na lile swali la hali. Kubonyeza kwa kifupi kunatuma Nyamaza kwa zote. Kubonyeza kwa muda kunatuma Cheza kwa ile ya mwisho iliyokuwa inacheza.

"Lini?" nikamuuliza.

"Upande wangu tayari. Niliuandika Januari, kabla ya kura. Sikuufuta."

Odile amesema, "Hiyo nakubali bila kukimbilia supu." Lakini ana mitihani ya wanafunzi wake, anahitaji wiki mbili. Nimejitolea kuuandika upande wa Tamarac mimi mwenyewe, usiku na mchana. Amenipa funguo za nyumba, kama tunavyosema, yaani ruhusa ya kuandika ndani ya programu yake. Loon nimeiacha ya mwisho.

Alhamisi, 29 Machi

Mvua ya barafu. Umeme umekatika mara mbili, nimepoteza kazi ya siku moja. Nimetukana mpaka jirani amegonga ukuta.

Jumatatu, 2 Aprili

Krupa amesoma kazi yangu yote ya Tamarac mstari kwa mstari. Makosa thelathini na sita, ameyapa namba. Nimemshukuru kwa yote.

Jumamosi, 7 Aprili

Nimeweka matoleo mapya. Safari hii nilifungua zote tatu, nikazichezesha zote kwa pamoja kwa makusudi, Marlys akaziba masikio. Krupa alikuwa akisikiliza kwa simu iliyowekwa mezani.

Gumba lilishuka, halikutosha. Likashuka tena. Mara ya tano kitufe kilisikia, na zote tatu zikakatika kwa mpigo.

Tukangoja. Curt akabonyeza tena, na tena, anaijaribu, anaitafuta iamke. Haikuamka.

"Vipi huko?" Krupa akauliza kwenye simu. "Sisikii kitu. Imeharibika?"

"Hapana," nikamwambia. "Ndiyo hiyo."

Jumatatu, 9 Aprili

Nimeomba ruhusa ya asubuhi, nikakaa na Curt kuhakikisha. Redio ilicheza kama dakika kumi, akanyamazisha. Nikasema kimefanya kazi vizuri. Nikasema nadhani muda wa kubonyeza upunguzwe kidogo. Nikasema Krupa anasalimia.

"Warren," akasema.

"Naam."

"Toka nje."

"Unahitaji nini?"

"Kimya hiki." Alizungusha macho chumbani. "Nakipenda sana, mdogo wangu, lakini ukiwemo hakipo."

Nilivaa koti nikaenda kazini.

Jumatano, 25 Aprili

Gumba limekoma. Jana kitufe hakikusikia kitu kuanzia saa moja hadi saa sita. Kwa bahati Marlys alipoondoka hakuna iliyokuwa inacheza, Curt akakaa na kimya.

Jumamosi, 28 Aprili

Barafu imeondoka ziwani, watu wote wako nje na mashati mafupi kana kwamba ni Julai. Marlys alikwenda dukani akatuacha wawili.

Nimekuwa nikihesabu, nikamwambia Curt hesabu yenyewe. Tangu Februari gumba lilikuwa na asubuhi chache tu za kuishi. Yeye, kwa programu zote, amepata kumi na moja. Mimi nilimla kumi na saba, kwa sababu nilitaka kushinda na sikutaka kusema jina lake mbele ya watu. Nikamwambia naomba radhi kwa zile kumi na saba. Sijawahi kumwomba radhi kaka yangu kwa jambo lolote tangu tuzaliwe, na nililisema vibaya, nikilia.

Nilidhani ulimi umeshindwa.

"Zirudishe," akasema.

Akacheka yeye. Mimi sikuweza.

Nilipofika nyumbani nimeiandikia ofisi. Nina likizo yangu ya mwaka huu ambayo sijaigusa. Kuanzia Jumatatu, saa moja hadi saa sita, asubuhi kumi na saba, nitakaa kando ya kompyuta yake. Akifumba macho kwa muda, nachezesha. Akipepesa, nanyamazisha. Nimempigia kumweleza, Marlys akamshikia simu, na amekubali kwa sharti moja: nisifungue mdomo.